Vile Vidudu Unaona Machoni Si Vidudu

Fanya hivi kwanza. Kama ni mchana na uko nje, angalia anga mahali hakuna mawingu, mbali na jua. Usiangalie jua lenyewe tafadhali, sitaki kesi. Kama uko ndani, angalia ukuta mweupe ama fungua ukurasa mtupu kwa simu na uongeze mwanga. Tulia sekunde kumi hivi, alafu peleka macho kushoto, kulia.

Umekaona? Kauzi fulani kanapita. Ama kadoa ka kijivu. Ama kitu kama utando wa buibui, ama vitone vimeshikana kama shanga. Ukikafuata, kanakimbia. Ukitulia, kanateremka polepole kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka. Kama hukuona kitu, sawa, endelea na maisha, lakini soma bado, kwa sababu nyumbani kwenu kuna mtu anaviona na hajawahi kukwambia.

Madaktari huviita "floaters". Mimi naviita vielea, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yao mjini: kuelea. Vitabu vya kale vya udaktari viliviita kwa Kilatini muscae volitantes, yaani nzi wanaoruka-ruka. Kwa hivyo wewe si wa kwanza kupiga hewa kofi ukidhani kuna mdudu mbele ya uso wako. Watu wameanza kupiga hewa kofi kitambo sana.

Nimeamua kuandika hii kwa urefu kwa sababu kila nikigusia macho kwenye video, inboksi inajaa. "Bro, niko na minyoo machoni?" "Ni simu imeniua macho?" "Shosh anasema ni mtu ameniangalia vibaya." Na kuna wale wako na jibu tayari, na jibu lao liko na bei na namba ya kutuma pesa. Hao ndio wamenifanya nikae chini niandike. Tutafika.

Tuanze na jicho lenyewe. Jicho ni kampira. Mbele kuna kioo, nyuma yake mboni na lenzi. Nyuma kabisa kuna retina, utando mwembamba unaopokea mwanga na kutuma picha kwa ubongo. Kati ya lenzi na retina kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo haina hewa. Imejaa ute mzito, safi, kama ute wa yai bichi. Ni kama mililita 4 tu, haujazi hata kijiko cha chai, lakini ndio sehemu kubwa ya jicho. Karibu asilimia 99 ya huo ute ni maji. Kilichobaki ni nyuzi ndogo sana za protini inaitwa kolajeni, na kemikali nyingine zinazoshika maji yasimwagike ovyo.

Sasa fikiria uji. Ukiwa umetoka tu kwa sufuria, ni laini, umeshikana. Uuache ukae. Baada ya muda unaanza kujitenga: maji huku, madonge kule. Ute wa jicho hufanya kitu karibu na hicho, ila unachukua miaka badala ya saa. Sehemu zingine zinakuwa majimaji, na zile nyuzi za kolajeni zinakusanyika, zinafanya vidonge na vikamba. Hivyo vidonge ndivyo vielea.

Lakini hapa ndipo penye ujanja: huoni kidonge chenyewe. Unaona kivuli chake. Kumbuka ukiwa mdogo, stima imepotea, mshumaa uko mezani, mnacheza na vivuli vya mikono ukutani. Mkono ukikaribia ukuta, kivuli kinakuwa kikali, unaona hadi vidole. Ukiuondoa mbali na ukuta, kivuli kinafifia. Retina ndiyo ukuta wako. Kidonge kikiwa karibu na retina, unaona uzi mkali. Kikiwa mbali kidogo, unaona wingu tu.

Ndio maana pia huwezi kukifuata. Kiko ndani ya jicho. Ukigeuza jicho, nacho kinageuka, kinachelewa kidogo, kinapitiliza, alafu kinatulia. Tingisha kikombe chenye majani ya chai utaona mchezo ni huohuo. Na ndio maana vinaonekana mbele ya anga, ukuta mweupe na skrini, lakini ukiwa Gikomba katikati ya rangi elfu moja huvioni kabisa. Bado viko hapo, ni vile tu macho yamepata kitu bora cha kuangalia.

Kuhusu minyoo. Kuna mnyoo kweli huingia kwenye jicho, sidanganyi mtu. Unaitwa Loa loa, na hupatikana katika misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, nchi kama Kamerun na Kongo, ambako huletwa na aina fulani ya nzi wanaouma. Lakini huyo mnyoo hupita juu ya jicho, chini ya ngozi nyembamba ya sehemu nyeupe, na mtu aliye mbele yako anaweza kumwona akitembea. Kielea hakuna mtu anaweza kukiona kwa kukuangalia usoni. Kama ni wewe tu unaona, na kinakimbia ukikiangalia, hiyo ni kolajeni, si mnyoo.

Na kuna vile vitone vingine vinavyong'aa, vidogo sana, vinachomoka kasi kwenye anga ya buluu kama vina haraka ya kwenda kazini. Hivyo hata si vielea. Hizo ni seli nyeupe za damu zikipita kwenye mishipa midogo iliyo mbele ya retina yako. Unaangalia damu yako mwenyewe ikifanya kazi. Kwangu hicho ni kitu kizuri zaidi nimewahi kujua kuhusu mwili, na sikukijua nikiwa campo.

Sasa, ni nani hupata vielea? Karibu kila mtu, ukiishi vya kutosha. Kuanzia miaka ya 50 kwenda juu, ule ute hunywea hadi kujibandua kutoka kwa retina. Ni jambo la kawaida kama mvi. Lakini kuna wenye huanza mapema, na wengi wao ni sisi wa miwani mizito. Jicho la kawaida la mtu mzima lina urefu wa milimita kama 24 kutoka mbele hadi nyuma. Jicho la mtu asiyeona mbali ni refu zaidi, limevutwa kama baluni. Likivutwa, ute unaanza kujitenga mapema, na retina nayo inakuwa nyembamba pembeni. Wengine hupata baada ya kugongwa jicho kwa ngumi ama mpira, wengine baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Kuna pia sababu nzito: kisukari kinaweza kufanya mishipa ya nyuma ya jicho ivuje damu, na kuna maambukizi na uvimbe wa ndani ya jicho unaojaza ule ute seli. Hizo si za kungoja.

Mimi ni wa miwani mizito. Nilianza kuviona nikiwa form three, kwa ukuta wa darasa uliokuwa umepakwa rangi nyeupe juzi. Mathe mpaka leo analaumu laptopu. "Hiyo kompyuta itakumaliza macho," anasema kila nikienda nyumbani. Nimemwelezea mara nyingi: skrini haitengenezi vielea. Inavionyesha tu, vile tochi inaonyesha vumbi ambalo lilikuwepo. Anasikiza hadi mwisho, alafu ananiambia nile karoti.

Lakini ukweli ni kwamba vinanisumbua, na sitajifanya ngumu. Niliacha campo mwaka wa pili, karo ikawa hadithi, na tangu hapo kinacholipa keja ni kuhariri video. Zangu na za watu. Usiku, masaa sita, saba, nikiangalia uso wa mtu kwenye skrini. Nina kimoja kwa jicho la kulia kama herufi S iliyolegea. Kinapenda kukaa palepale kwa uso wa msee ninayemhariri. Kuna siku nimesimamisha klipu nikitafuta uchafu kwenye picha, kumbe uchafu ni mimi. Ukiwa kazi yako yote iko machoni, kila uzi mpya unakuja na swali: je, nikiishiwa na hii, ninabaki na nini? Sina digrii ya kurudi. Sina bima ya ofisi. Nina macho mawili na laptopu ya deni.

Ndio maana niliweka pesa kando nikaenda kuangaliwa vizuri. Kupimwa miwani pekee hakutoshi. Nilitaka retina. Wanakutilia matone ya kufungua mboni, unangoja kama nusu saa, alafu daktari anaangalia nyuma ya jicho kwa taa kali, pembe kwa pembe. Inakera lakini haiumi. Masaa kadhaa baadaye huwezi kusoma simu, na jua linakuchapa kama unadaiwa, kwa hivyo nenda na miwani ya jua na mtu wa kukushika mkono, na usifikirie kuendesha pikipiki siku hiyo. Daktari akaniambia retina iko sawa, hivyo vielea nitaishi navyo, na ubongo utajifunza kuvipuuza. Na kwa kweli umejifunza. Kile cha S nakikumbuka siku za uchovu, ama nikiandika kukihusu kama sasa.

Alafu akaniambia maneno ambayo nimeyabeba tangu hiyo siku: "Vya zamani visikutishe. Vinavyokuja ghafla, kimbia."

Wacha niwaambie kuhusu mjomba wangu, kwa ruhusa yake. Ana miaka 54 na alikuwa dereva wa matatu. Jumatatu moja jioni alianza kuona kitu kama radi pembeni ya jicho la kushoto, hata akifunga macho. Kesho yake akaona vidoa vingi vyeusi, akasema ni kama mtu amemwaga pilipili manga kwenye kioo cha gari. Hakuumwa na kitu. Kwa sababu hakuumwa, hakumsumbua mtu. Alipita kwa duka la dawa karibu na steji, akauziwa matone, akaambiwa ni vumbi na moshi. Alitia matone siku tisa. Siku ya tisa akaamka na kivuli upande mmoja, kama pazia limeanza kufungwa. Ndipo akanipigia. "Kijana yangu, wewe ndiye wa mambo ya macho. Kwani hii pazia ni ya nini?"

Ilikuwa retina imebanduka.

Hiki ndicho hufanyika. Ule ute ukijibandua, mara nyingi unaachilia vizuri, unabaki na vielea vipya na mambo yanaisha. Lakini kuna mahali huwa umeshika sana. Hapo unavuta retina, na retina ikivutwa hairudishi maumivu, inarudisha mwanga. Ile radi mjomba aliona ni retina ikivutwa. Ikichanika, damu kidogo inaweza kumwagika, ndiyo hiyo pilipili manga. Kwa wale wanaoenda hospitali na dalili hizi za ghafla, zaidi kidogo ya mtu 1 kati ya 10 hukutwa retina imechanika. Ikipatikana wakati ni mpasuko tu, daktari anaizungushia leza, anaishona kwa mwanga, na mara nyingi unaenda nyumbani siku hiyohiyo. Ikiachwa, maji yanapenya kwenye ule mpasuko na kuibandua retina ukutani kama karatasi ya ukuta yenye unyevu. Hapo ni upasuaji mkubwa. Na pazia likishafika katikati, mahali unatumia kusoma na kutambua uso, hata upasuaji ukienda vizuri kuona hakurudi vile kulivyokuwa.

Mjomba alifanyiwa upasuaji. Kwa jicho la kushoto anaona mkono ukipita, basi. Hawezi tena kuendesha. Siku hizi yeye ndiye hupanga abiria stejini, na huwa anatania ati amepandishwa cheo kwa sababu sasa anaamrisha madereva. Anacheka. Mimi sijaweza kucheka bado.

Mwezi uliopita nikapata ujumbe. Biashara fulani inauza matone ya "kuyeyusha vidudu vya macho" kwa wiki mbili. Walitaka video ya sekunde 60. Niseme nilikuwa na vielea, nikatumia, vikaisha. Shilingi 20,000. Keja yangu ni 7,500. Fanyeni hesabu wenyewe.

Nikawauliza matone yanafikaje huko. Kwa sababu tone unalotia jichoni linakaa mbele, kwenye kioo. Vielea viko nyuma ya lenzi, ndani ya ule ute. Hakuna tone ambalo limethibitishwa kuyeyusha kolajeni huko ndani. Hakuna kidonge, hakuna nanasi, hakuna mazoezi ya kuzungusha macho. Kinachoweza kuondoa vielea ni upasuaji wa kutoa ute wenyewe, ambao huachiwa wenye hali mbaya sana kwa sababu unaweza kuleta mtoto wa jicho na hata kubandua retina. Kuna pia leza ya kuvivunja, ambayo haifai kila mtu. Na matone mengine yanayouzwa hovyo yana steroidi ndani. Ukitumia hiyo muda mrefu bila daktari, presha ya jicho inaweza kupanda kimyakimya hadi glakoma, na mtoto wa jicho pia.

Jibu nililopata lilikuwa la maneno manne: "Si ni video tu?"

Nikakataa. Sijakataa kwa sababu mimi ni mtakatifu, nina deni la laptopu kama nilivyosema. Nimekataa kwa sababu najua ni nani angenunua. Si kijana wa miaka 20 mwenye kauzi kamoja, huyo angepoteza pesa tu. Angenunua dereva fulani mwenye radi pembeni ya jicho, aone uso wangu, aamini, atie matone siku tisa. Hizo siku tisa ndizo bidhaa yenyewe. Hicho ndicho mnachouza mkiuza dawa ya vielea, wasee wangu wa kutengeneza maudhui: mnauza muda wa mtu mwingine, na yeye ndiye analipa.

Najua kuna mtu atakomenti ati natisha watu. Hapana. Kama una vielea vichache, umekuwa navyo miezi ama miaka, havijabadilika, lala vizuri. Kaangaliwe siku moja utakapopata nafasi, hasa ukiwa na miwani mizito, kisukari, ama uligongwa jicho. Lakini ukiona mojawapo ya hizi, usingoje wikendi iishe: vielea vipya vingi vya ghafla, miali ya mwanga kama radi ama kamera, hata gizani, kivuli ama pazia linaloingia kutoka upande wowote. Ongeza pia jicho jekundu linalouma na kuogopa mwanga huku vielea vikiongezeka. Hayo ni mambo ya siku hiyohiyo. Jipime hivi: funika jicho moja, angalia pande zote, alafu badilisha. Ukiwa na macho yote wazi, lile zima linaweza kumficha mgonjwa.

Ukifika hospitali ya kaunti, ulizia kliniki ya macho. Usiseme tu "macho inanisumbua", utapangwa foleni na wenye macho yanayowasha. Sema hivi: "Nimeanza kuona miali na vidoa vingi ghafla, naomba retina iangaliwe leo." Kama hawana daktari wa retina, omba barua ya rufaa hapo hapo. Hiyo sentensi haigharimu kitu, na mjomba angeijua ile Jumatatu jioni, labda bado angekuwa nyuma ya usukani.

Leo usiku mkikaa kula, muulize baba, mathe, shosh, yeyote aliyefika 50: unaona vidoa? Vimekuwa hapo lini? Umewahi kuona radi na hakuna mvua? Wazazi wetu hawasemi kitu kisichouma. Wewe uliza.